Laptopu, vumbi la Kisesa na boksi la sangara

Saa saba mchana, jua la utosi, nimepiga magoti nyuma ya Hiace, kitenge kimenifunika kichwa kama mtu anayepiga nyungu. Humo ndani tuko watatu: mimi, joto, na laptopu ya shilingi milioni mbili na laki mbili. Nje mjomba anauliza kwa mara ya tatu, "Mama, inasemaje?"

Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na siku nyingine zote huwa naona raha akiniita hivyo. Siku ile niliona aibu. Laptopu haikuwa inasema kitu. Nilichokuwa nakiona kwenye kioo ni macho yangu, jasho langu na maua ya kitenge. Nikaongeza mwanga hadi mwisho, nikabana macho, nikaanza kuona kama kuna mstari mwekundu unapanda na kushuka. Kabla sijajua ni mstari wa nini, betri ikakata. Nilikuwa nimeichaji usiku kucha, na ilikaa saa moja na dakika kumi.

Mjomba hakusema neno. Alivaa helmeti, akaingia kwenye gari, akaondoka bila jibu. Ndiyo siku niliyoanza kujifunza kuchagua laptopu, ingawa pesa ilikuwa imeshatoka.

Nieleze kwanza tunafanya nini huko. Mjomba ana Subaru Impreza ya zamani aliyoinunua Kenya. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameshaifunga kompyuta ya injini ya MoTeC, inayorekodi karibu kila kitu: mzunguko wa injini, pedali ya mafuta imekanyagwa kiasi gani, presha ya mafuta, joto la maji, usukani umekatwa nyuzi ngapi, gari linasukumwa upande gani kwenye kona. Ukiacha lami ya Kisesa ukaingia ndani, katikati ya mashamba ya pamba na yale mawe yetu yaliyobebana, kuna kipande cha moramu cha kama kilomita sita. Tunakiomba kwa serikali ya kijiji. Vijana wenye bendera wanasimama kila njia panda, ng'ombe wanazuiwa, bodaboda wanaambiwa wasubiri, na mjomba anakimbia. Mchezo wenyewe, mbio za magari za rally, si mgeni ukanda huu: mashindano ya mwaka 1953 yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisi ni timu ya watu watano na Hiace ya kuazima.

Mjomba akirudi, gari linapoa, fundi analala chini yake, navigeta, yule anayekaa kando ya dereva kumsomea njia, anakunywa maji. Zinapita dakika ishirini, wanaondoka tena. Ndani ya dakika hizo natakiwa nichomeke waya, nivute data, nifungue grafu, nilinganishe na mzunguko uliopita wa gari, kisha nimwambie dereva au fundi jambo moja analoweza kulifanyia kazi sasa hivi. Nikiliona usiku nyumbani Kirumba nikiwa na chai yangu, halimsaidii mtu. Laptopu ya kando ya njia inanunuliwa kwa ajili ya dakika ishirini hizo.

Mimi nilinunua ya gemu. Kibodi inawaka rangi saba, feni mbili, kadi ya picha ya nguvu. Nilijiambia kuwa uchambuzi wa data ni kazi nzito, basi mashine nayo iwe nzito. Hesabu ya darasa la saba ingeniokolea zaidi ya milioni moja na nusu. Chukua chaneli 40, yaani vitu 40 vinavyopimwa, kila moja irekodiwe mara 100 kwa sekunde, kila kipimo kichukue baiti 2. Hizo ni baiti 8,000 kwa sekunde. Mjomba akikimbia dakika 15 mfululizo, faili zima ni megabaiti 7 na kidogo, kama nyimbo mbili kwenye simu. Na hapo nimezidisha, kwa sababu joto la maji halirekodiwi mara 100 kwa sekunde, halibadiliki haraka kiasi hicho. Kuchora mistari kumi ya faili kama hilo hakuihitaji ile kadi ya picha hata kidogo. Kadi ilikuwa inakula betri bure na kupasha moto mapaja yangu.

Video ndiyo nzito. Kamera iliyofungwa ndani ya gari ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika 15 zinakula zaidi ya gigabaiti 11. Kama kazi yako ni kukata video za mtandaoni, nunua nguvu, sikuzuii. Mimi video naiangalia usiku.

Sasa kioo, maana hapa ndipo nilipoumia. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima jua la mchana liko karibu na utosi, na huko shambani mti wa kivuli ni wa mwenye bahati. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za kawaida ziko kati ya niti 250 na 300, ambazo ofisini zinakutosha hadi unazipunguza. Toka nazo kwenye jua ambalo ni kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), hizo niti 300 ni kibatari mbele ya taa za uwanja wa mpira. Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji: kioo cha kung'aa na kioo cha kufifisha. Chenye kung'aa kinapendeza dukani, rangi zinakolea, lakini juani ni kioo cha kujitazamia. Kile kisichong'aa, kinachoonekana kama kimepakwa vumbi laini, kinautawanya mwanga na maandishi yanabaki. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, lipia kioo kisichong'aa kabla hujalipia prosesa.

Kwa sababu sikuwa na pesa ya kioo cha niti 1,000, nilitengeneza kivuli. Sisi watu wa ziwani tuna malighafi ambayo timu za Ulaya hazina: yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia minofu ya sangara. Nilipata mawili kwa jirani. La kwanza nikalipulizia rangi nyeusi ya kopo ndani ili mwanga usiruke. Nikaenda kuosha mikono. Niliporudi lilikuwa linayeyuka mbele ya macho yangu kama barafu, upande mzima umeingia ndani, harufu inakata koo. Kumbe dawa iliyomo kwenye rangi ile inaila nyenzo hiyo. La pili nikalibandika kitambaa cheusi cha bitana kwa gundi ya unga wa ngano. Nikakata mdomo mbele kutosha uso na mikono miwili, na nyuma nikatoboa tundu la upana wa kiganja, kwa sababu boksi lililotengenezwa kutunza baridi ya samaki linatunza na joto la laptopu vilevile. Bila tundu lile, feni ililia kama mtoto ndani ya dakika kumi.

Linanuka, sitadanganya. Limeoshwa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa magadi, na ikifika saa nane mchana sangara anafufuka. Lakini ndani yake nasoma kioo cha niti 250.

Naam, niti 250, kwa sababu ile ya gemu niliiuza kwa hasara kwa kijana wa chuo, nikaenda mjini, mitaa ya Makoroboi, kutafuta mtumba. Nilichokuwa nakitaka nilikijua: ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018 ambayo makampuni ya nje yalizinunua kwa wingi na sasa zinashuka kwetu. Inayo tundu la waya wa mtandao la ukubwa kamili, ina matundu ya kawaida ya USB, ina sehemu ya kadi ya kumbukumbu, inachajiwa kwa USB-C, na kubwa kuliko yote ina betri mbili. Moja imefungwa ndani, nyingine iko nje, unaichomoa kwa vidole. Ya nje ikiisha unaitoa na kuweka nyingine huku kompyuta inawaka, ile ya ndani inashika zamu. Uangalie isiwe T480s. Herufi hiyo moja inaondoa betri ya nje.

"Dada, chukua hii, i7, ya moto kabisa," kijana wa dukani akaniwekea nyingine mbele. Nikaangalia kibandiko: i7 ya kizazi cha 6. Hapa wengi wanapigwa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Kwa hiyo i5-8350U ina maisha mbele yake na i7-6600U imeshafungiwa mlango, hata kama namba ya 7 inaonekana kubwa kuliko 5. Namba ya kutazama ni ile inayofuata baada ya kistari.

Nikaomba kiti. Muuzaji alidhani nimechoka, kumbe nilikuwa najipanga kukaa. Niliizima, nikaiwasha, nikaingia kwenye mipangilio ya ndani kabla ya Windows haijafunguka, kuona kama kuna nenosiri. Mashine zilizotoka maofisini mara nyingine huja zimefungwa huko, na kulitoa nenosiri lile si kazi ya mchezo. Ilikuwa wazi. Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika powercfg /batteryreport, ikanitolea ukurasa mzima wa habari za betri: uwezo wa kiwandani na uwezo uliobaki. Ya nje ilizaliwa na saa-wati 48, imebaki na 31. Ya ndani ilikuwa 24, imebaki 19. Nikamgeuzia kioo muuzaji. Akasoma, akanitazama, akasema, "Dada wewe ni wa wapi?" Tukaanza upya mazungumzo ya bei, nikatoka nayo kwa laki sita na ishirini. Kabla ya kulipa nilichomeka flashi kwenye kila tundu na waya wa mtandao kwenye tundu lake, nikaandika aya nzima kwenye daftari la kompyuta kusikiliza kama kuna herufi imekufa.

Saa-wati 50 kwa jumla, na mashine kama hii ikiwa inachora grafu tu, mwanga umefunguliwa wote, inakula kama wati 10. Karibu saa tano. Ile ya gemu ilikuwa na betri isiyopishana sana na hiyo, ila yenyewe ilikuwa inazimeza.

Siku ya kwanza ya T480 shambani gari lilikuwa linakohoa. Mjomba alirudi amekunja uso: kwenye kona ndefu ya mwembe injini inakatika, inarudi, inakatika. Fundi hakusubiri. "Koili hiyo," akasema, akafungua boneti, akaanza kutoa koili ya kwanza, ile inayozipa plagi moto, kwenye injini ya moto, akinyonya vidole kila akiungua. Nikachomeka waya. Nikaingiza kichwa kwenye boksi la sangara. Programu tunayotumia ni i2 ya MoTeC, toleo la Standard, ambalo ni la bure. Nikafungua mizunguko mitatu, mmoja baada ya mwingine, nikaacha mistari mitatu tu: pedali, presha ya mafuta, na msukumo wa pembeni.

Kwenye barabara iliyonyooka presha ilikaa palepale, baa 3 na kidogo. Anaingia kona ya mwembe, msukumo wa pembeni unapanda, nusu ya pili ya kona presha inaporomoka hadi 1.7, huku pedali iko chini vilevile. Ananyoosha usukani, sekunde moja, presha imerudi. Mzunguko wa kwanza kishimo kidogo, wa pili kikubwa, wa tatu kikubwa zaidi. Nikamwuliza mjomba, tenki lina kiasi gani? Robo, akasema, labda chini ya robo.

Ingekuwa koili, gari lingekohoa na kwenye kile kilima kilichonyooka, ambapo injini inabeba mzigo mkubwa kuliko mahali pengine. Halikukohoa kilimani hata mara moja. Mafuta yalikuwa yanakimbilia upande mmoja wa tenki, pampu inabaki inafyonza hewa. "Fundi," nikamwita, "rudisha koili, tutie mafuta." Alinitazama kama nimemtukania mkwewe. Tukamimina lita ishirini. Mjomba akaenda, akarudi, gari halikukohoa. Baadaye tulifunga tenki dogo la akiba kabla ya pampu kubwa, lakini siku ile ilikuwa ni galoni la njano na faneli. Fundi alirudisha koili bila kunisemesha, na jioni akaninunulia sato wa kukaanga mzima. Sikumwomba.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Programu za kazi hii, i2 ya MoTeC na Race Studio ya AiM pia, ni za Windows. Ukiwa na Mac utaishi kwa kuigiza Windows ndani yake. Navigeta wetu ana laptopu nyembamba mpya yenye prosesa ya Snapdragon, betri inakaa siku nzima, kioo kinawaka vizuri kuliko changu mara mbili. Tulipochomeka kifaa cha kuunganisha USB na mfumo wa CAN (nyaya ambazo kompyuta za gari huongelea) wa gari lingine, haikukitambua. Windows ya mashine hizo inaweza kuigiza programu za kawaida, lakini draiva, ile programu ndogo inayokiendesha kifaa, haiigizwi, lazima iwe imetengenezwa kwa prosesa hiyo. Na kwa kuwa ina matundu ya USB-C peke yake, alikuwa anatembea na mkufu wa adapta. Adapta ni kitu cha kwanza kupotea kwenye vumbi.

Ramu, gigabaiti 8 inatosha kwa grafu, 16 ukitaka video. Diski iwe ya SSD, usijadili: diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na wewe unarushwa ndani ya Hiace. Usiiache laptopu kwenye gari lililofungwa vioo juani, hata kwa dakika za kununua maji. Chaja ya gari ya USB-C ya wati 65 imenisaidia kuliko inveta, haina kelele na haipotezi umeme mwingi njiani.

Vumbi la kiangazi, Juni hadi Septemba, ni laini kama unga wa muhogo. Linaingia popote. Kibodi naifunika na ile nailoni ya kufungia vyakula, naandika juu yake. Feni naisafisha kwa brashi ya rangi kila tukirudi. Na hili ni la watu wa mwambao wa ziwa peke yao: vile vijidudu vya ziwani, vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa treni, vinapenda mwanga. Niliwahi kukaa barazani usiku kupitia data, taa imezimwa, kioo kinawaka. Baada ya robo saa sikuiona grafu, na asubuhi nilitoa kwenye feni kitu kama kijiko cha chakula cha vijidudu vilivyokauka. Sasa nafanyia kazi ndani, pazia limeshushwa.

Kwa asiye na kompyuta ya injini wala bajeti, simu inafika mbali. Programu ya RaceChrono kwenye simu inarekodi njia, na ukiongeza kipokezi cha GPS cha pembeni unapata kitu cha kusomea. Tofauti iko kwenye idadi ya vipimo. Gari likiwa kilomita 100 kwa saa linasogea karibu mita 28 kila sekunde. GPS inayopima mara moja kwa sekunde inakuonyesha gari kabla ya kona na baada ya kona, kona yenyewe hujaiona. Ikipima mara 10, nukta ziko kila mita 2.8. Vipo vidogo kama RaceBox Mini vinavyopima mara 25, mita 1 na kidogo. Hapo ndipo unaweza kumwambia dereva kwamba aliachia mafuta mapema. Mjomba anakataa hadi leo kwamba anaachia mafuta pale kwenye daraja la mbao. Grafu ya pedali inasema anashuka hadi asilimia 60. Anasema sensa ni mbovu.

Wiki iliyopita nimeona Toughbook CF-31 mjini, ile ya Panasonic yenye mpini kama sanduku la fundi. Karibu kilo nne, imefungwa vumbi na maji kwa daraja la IP65, na kioo chake kinafika niti 1,200. Ningeweza kumrudishia jirani boksi lake. Ila prosesa zake zinaishia kizazi cha 5, kwa hiyo itabaki na Windows 10, na ningelazimika kuiweka mbali na intaneti, iwe ya shambani tu. Hilo linavumilika. Wanataka laki tisa bila chaja, na chaja yake ni ya volti 15.6, si za kuokota kila duka. Nimeomba niiwashe kwa betri yake, nitoke nayo barabarani saa saba mchana niisome. Kijana wa dukani amesema mpaka amuulize tajiri yake, nirudi Jumamosi.